Mwaka Ndege Walipokuja Kimya

Wodini walimwita Mama Vifaranga, na jina likamganda hata wagonjwa wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Alikuwa muuguzi wa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao, wadogo wa kuenea kwenye viganja. Yeye mwenyewe alikuwa na mikono mikubwa ya mtu aliyekulia shambani, na mzazi aliyemwona kwa mara ya kwanza akiipenyeza mikono ile ndani ya kitanda cha joto alibana pumzi. Kisha mzazi huyo aliona anavyomgeuza mtoto, polepole, kama mtu anayegeuza ukurasa wa kitabu kilicholowa maji, akatulia.

Nyumbani hakuwa na wadogo tena. Wanawe walishaoa na kuolewa, na mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana leo akapotea mpaka ukamsahau sauti. Kwa hiyo siku zake za mapumziko Mama Vifaranga alikaa na ndege.

Ilianza na karai la bati la kubebea zege ambalo mafundi walilisahau walipomaliza kupiga lipu ukuta wa nyuma. Alilisugua, akaliweka juu ya kisiki nyuma ya jiko, akalijaza maji na kutia jiwe katikati ili wenye miguu mifupi wapate pa kusimama. Ndege hawakungoja mwaliko. Walikuja wenyeji kwanza: njiwa, hua, na mnana wa manjano wenye fujo, wanaooga kama wanagombana. Halafu kila mwaka, huko mbali baridi inapoanza, walikuja wageni. Miongoni mwao kulikuwa na kijindege cha rangi ya majani yaliyoanza kukauka, chenye mstari mweupe juu ya jicho kama kimepaka wanja wa chaki. Hakizidi kidole gumba. Kilikuja na wenzake, wakakaa miezi michache, wakaondoka bila kuaga.

"Hao ndege wako wanakunywa maji kuliko lori langu linavyokunywa mafuta," mumewe alizoea kusema.

Mwaka huo wageni walipofika, alimpigia simu mumewe njiani kumpa habari. "Wamekuja," alimwambia, "lakini mwaka huu wako kimya. Nadhani safari imewachosha."

"Mimi nikirudi nimechoka hunionei huruma hivyo," mumewe akajibu, wakacheka, yakaisha.

Asubuhi moja wifi yake alikuja kuazima ngazi. Wifi huyu, dada wa mumewe, alishona mapazia na kuyatundika mwenyewe kwenye nyumba za watu, na alikuwa mwanamke ambaye akija kuazima ngazi hukaa mpaka chai imalizike. Walikaa kwenye vigoda nyuma ya jiko. Karai lilikuwa limejaa. Mnana walirushiana maji, njiwa wamezamisha midomo, na wageni wamejipanga ukingoni wakingoja zamu yao kama watu wenye adabu.

Ghafla wifi alishtuka hata chai ikamwagikia mapajani. Ndege wote wakaruka kwa mpigo mmoja, karai likabaki tupu, maji yakitikisika. Kivuli kikapita juu ya uwanja. Kipanga.

"Loo! Kamenitoboa masikio kale," wifi alisema akijipangusa. "Kadogo vile, sauti kama wembe!"

"Kapi?"

"Kale ka ukingoni. Si kamepiga filimbi hapa, piii, ndipo wenzake wakaruka? Usiniambie hukukasikia."

"Nimekasikia," alisema Mama Vifaranga. "Nilikuwa nawaza mengine."

Hakuwa anawaza mengine. Wakati ule alikuwa anakatazama kale kadogo, macho hayabanduki. Alikaona kakifungua mdomo. Aliona koo lake likitetemeka. Hakusikia kitu.

Wifi alipoondoka na ngazi begani, Mama Vifaranga alirudi kukaa. Ndege walirejea mmoja mmoja, na safari hii hakuwaangalia kwa raha. Aliwaangalia midomo. Hua alipoguna alimsikia vizuri, mpaka kifuani. Mnana aliwasikia nusu nusu, kama redio iliyo nyumba ya pili. Mgeni mdogo akapanda kwenye kamba ya nguo, akafungua mdomo, akaimba kwa bidii yake yote, mkia ukitikisika. Mama Vifaranga akasogea mpaka karibu na kamba. Kimya kama maji ya mtungi. Hawakuwa wamechoka na safari, wale. Walikuwa wanaimba tangu wafike.

Ndipo likamjia jambo lingine. Kule wodini, kila mtoto alifungwa mguuni waya wa mashine ndogo. Njiti husahau kupumua. Anaweza kulala vizuri, mwekundu, ameshiba, akasahau tu, na mashine ikaona damu yake inapungukiwa hewa. Hapo taa nyekundu huwaka, na mashine hupiga mlio. Mlio mwembamba, mkali. Piii.

Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliusikia. Alikumbuka taa. Alikumbuka muuguzi mwenzake, mwanamke mrefu waliyemwita Twiga, akiinuka na kwenda kitandani kwa mtoto. Alikumbuka yeye mwenyewe akimfuata. Mlio hakuukumbuka.

Siku zilizofuata alienda kazini roho mkononi. Hakumwambia mtu. Mama yake mzazi aliishia kiziwi, na yeye alijua jinsi watu wanavyomzika kiziwi akiwa hai. Kwanza wanapaza sauti. Kisha wanachoka kupaza sauti, wanamwambia, "Basi mama, si kitu." Mwisho hawamwambii hata hilo, wanacheka wao kwa wao mezani, naye anatabasamia asichokijua. Na muuguzi asiyesikia, nani atamwachia kitanda? Kazi ile ndiyo aliyoijua. Hakuwa na nyingine.

Basi akajikaza kisabuni. Aliacha kukaa. Alizunguka kutoka kitanda hadi kitanda, taa hadi taa, akashika vifua kwa ncha ya kidole kuhakikisha vinapanda na kushuka, akazunguka tena. Miguu ilivimba mpaka viatu vikamkatalia.

"Mama Vifaranga, umeanza mazoezi ya mbio?" Twiga alimtania.

"Nataka nipungue mwili."

"Upungue wapi? Utabaki mikono mitupu."

Alicheka na wenzake, lakini jicho lake halikumtoka Twiga shingoni. Twiga alipogeuza kichwa, naye aligeuza. Twiga alipoinuka, naye aliinuka, tena kwa haraka zaidi, ili ionekane wamesikia pamoja. Alikuwa amejifunza kwa njiwa wa karaini. Njiwa hunywa kichwa kimezama, haangalii huku wala huku. Wenzake wakiruka, naye huruka, hajui hata amekimbia nini. Na huishi hivyo, hanenepi wala hakondi. Lakini njiwa hana mtoto wa mtu mikononi. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Siku za mapumziko hazikumpumzisha. Alikaa nyuma ya jiko akijipima, leo nasikia, leo sisikii. Kulikuwa na siku alidhani amemsikia mgeni, moyo ukamruka kwa furaha, kumbe ni mlango wa jirani. Alitia mafuta ya vuguvugu masikioni. Alijiambia ni mafua. Alijiambia ni nta. Aliwaangalia wale wadogo wakipanua midomo kwenye ukingo wa karai, akawachukia kidogo, halafu akajiona mjinga kwa kuchukia kitu kisichozidi kidole gumba.

Kisha ikafika siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, saa ya kulisha. Twiga alikuwa ameenda kuchukua dawa, na wodini walibaki Mama Vifaranga na mzazi mmoja, msichana mwenye kitambaa cha kijani kichwani, aliyekaa kwenye kiti amemlaza mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi. Mama Vifaranga alikuwa ameinama kwenye kitanda cha dirishani, anamlisha mtoto maziwa kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, kazi ambayo huwezi kuinua macho. Alisema moyoni, nimalize huyu tu, kisha nizunguke.

"Sista," alisema yule msichana.

Hakugeuka. Alidhani amesikia, hakuwa na hakika.

"Sista! Ile mashine ya pembeni inalia muda mrefu. Ni kawaida?"

Aligeuka. Taa ya kitanda cha pembeni ilikuwa inawaka nyekundu. Aliufunga mpira, hakujua ameufunga vipi, akavuka chumba. Mtoto alikuwa amelala kwa utulivu kabisa, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau.

Mikono ndiyo iliyofanya kazi, maana akili ilimruka. Mikono ilimsugua mgongo, ikampiga nyayo kwa vidole viwili, ikamnyoosha shingo, ikamfunika pua na mdomo kwa kile kifuniko kidogo na kuanza kuminya mfuko wa hewa. Minya, achia. Minya, achia. Alisikia moyo wake mwenyewe masikioni, huo aliusikia bila shida. "Njoo, baba," alimwambia mtoto. "Njoo, njoo, usinifanyie hivyo." Mtoto akakunja uso. Akavuta pumzi moja, ya kukwaruza, kama mtu aliyeudhiwa kwa kuamshwa. Kisha ya pili. Rangi ikarudi, kwanza mashavuni.

Twiga aliporudi na dawa zake, mtoto alikuwa mwekundu kama hana hili wala lile, na Mama Vifaranga ameshika ukingo wa kitanda, jasho jembamba linamtoka.

"Alisahau kupumua?"

"Alisahau."

"Afadhali ulikuwepo," alisema Twiga.

Yule msichana wa kitambaa cha kijani naye alikuwa anatokwa na machozi. "Asante, Sista," alisema. "Mimi ningekuwa peke yangu ningepiga kelele tu. Mungu akubariki na mikono yako."

Hakuna tusi lililowahi kumchoma kama shukrani ile.

Alirudi nyumbani na viatu mkononi. Kwenye kizingiti alimkuta wifi yake amerudisha ngazi. Wifi alisema jambo, Mama Vifaranga akaitikia, na wifi akamtazama kwa namna ambayo haikuwa yake.

"Nimekuuliza unaumwa nini, unanijibu nzuri?"

Alikaa chini pale pale mlangoni. Alimweleza yote, kipanga, mlio, njiwa, mtoto wa zambarau, akiyatoa kwa haraka kama mtu anayetapika. Wifi alikunja futi yake ya kupimia mapazia, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," alisema mwishowe.

"Ulijua?"

"Wifi, wewe simu unaiweka spika ukiwa jikoni, majirani wote wanajua lori liko wapi. Kaka ndiye aliyeniambia nikuangalie. Ile siku ya kwanza kale kadege kalipopiga filimbi, uliniambia umesikia, na macho yako yalikuwa yananiuliza."

"Na mkanyamaza!"

"Tungesema nini? Ukali wako tunaujua."

Hasira zilimpanda, na haya juu ya hasira. Kumbe wakati wote alipokuwa anajificha, walikuwa wanamwangalia amejificha. Alitaka kumfukuza wifi. Badala yake alilia, na wifi akamwacha alie, akaingia ndani kuchemsha maji kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya.

"Kesho nakwenda kumwambia Sista Mkuu," alisema alipotulia.

"Wakikufukuza?"

"Wanifukuze."

Alilisema kwa sauti ya kishujaa, lakini asubuhi aliupita mlango wa ofisi mara mbili kabla ya kubisha. Sista Mkuu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyefanya naye kazi bega kwa bega tangu wote wawili wana viuno vyembamba. Alisikiliza bila kumkatiza. Hakusema pole. Aliuliza jambo moja tu.

"Mtoto alikaa muda gani bila hewa?"

"Sijui," alisema Mama Vifaranga. "Ndiyo maana nimekuja."

Sista Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa. "Wodini huingii tena mpaka upimwe. Kuanzia sasa hivi. Vitu vyako Twiga atakuletea." Kisha, Mama Vifaranga alipofika mlangoni, akaongeza kwa sauti kubwa, uso umemwelekea, "Yule mtoto nitamwambia daktari amwangalie upya, kichwa na kila kitu. Nitakujulisha."

Zile siku za kungoja ndizo zilizomwonyesha cha mtema kuni. Alingoja mambo mawili, masikio yake na kichwa cha yule mtoto, na kwa la kwanza hakujali tena sana. Simu ilikaa mfukoni, na kwa kuwa hakuiamini sauti yake, aliiweka itetemeke, akaishikilia kwa mkono kama kuku anayeweza kutoroka. Hakujaza karai. Kila alipotazama ule uwanja aliona ile siku ya kipanga, akafunga pazia.

Lakini jua lilikuwa kali, na mchana mmoja alipopita dirishani aliona wageni wamekaa kwenye karai kavu. Walikuwa wanadonoa kutu. Mmoja alikuwa amelala chini kabisa, mabawa ameyatandaza, mdomo wazi, na hapo hakujua kama anaimba au anahema. Mwenye masikio angejua. Alitoka mbio na ndoo, maji yakimlowesha miguu, ndege wakatawanyika. Akajaza mpaka yakamwagika. Akarudi nyuma hatua chache, akasimama hapo hapo juani, akiogopa hata kukohoa, mpaka yule mdogo akarudi, akazamisha mdomo, akainua kichwa kumeza, akazamisha tena. Alikuwa anahema tu. Alikuwa na kiu.

Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa Sista Mkuu, mfupi kama mwenyewe: *Daktari amemwangalia. Yuko salama. Ananyonya vizuri.*

Aliketi kwenye kigoda. Akausoma tena. Kisha akamtumia mumewe, na mumewe, aliyekuwa njiani, aligeuza lori mzigo uliposhuka, akafika siku iliyofuata ili ampeleke kupimwa mwenyewe.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kuta zake zimevalishwa magodoro. Alivalishwa vipokea sauti, akapewa kitufe. Upande wa pili wa kioo alikaa mpimaji, kijana mwenye ndevu chache. "Ukisikia, bonyeza," alisema. "Hata kama ni kwa mbali."

Sauti nzito alizisikia zote, akabonyeza kwa fahari kama mwanafunzi. Zikapanda, zikawa nyembamba, zikawa uzi. Kisha hakuna. Na hapo, bila kukusudia, macho yake yaliona kitu: kila mara mpimaji alipotoa sauti, bega lake la kulia lilishuka kidogo. Kidogo sana. Mtu mwingine asingeliona. Lakini yeye alikuwa ameishi kwa shingo ya Twiga msimu mzima. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Angeweza kubonyeza kila bega liliposhuka, akatoka hapo na masikio ya mtoto, akarudi wodini Jumatatu.

Alifumba macho. Akakaa gizani, kitufe mkononi, akingoja sauti ambazo hazikuja, na machozi yakapenya chini ya kope. Hakubonyeza tena mpaka mlango ulipofunguliwa.

Sauti nyembamba zilikuwa zimekwenda, masikio yote mawili, na mpimaji alimwambia wazi kwamba hazirudi. Nzito zilikuwa salama. Kungekuwa na vifaa vya kuvaa masikioni. Vingemsaidia kwenye maongezi, si kwa kila kitu. Mumewe aliuliza maswali mengi kwa sauti ya juu mno, akaambiwa mwenye tatizo si yeye.

Wodini hakurudi. Sista Mkuu alilisema hilo bila kupepesa macho, na kwa hilo Mama Vifaranga alimheshimu, ingawa alikwenda kulia chooni. Walimpa chumba cha chini, penye akina mama walioruhusiwa kutoka na watoto wao, awafundishe kumbeba mtoto kifuani, kumnyonyesha, kumjua anapobadilika rangi. Mwanzo alikiona kama kaburi. Hakikuwa na mashine hata moja. Kwa wiki za kwanza mikono yake ilijiendea yenyewe kutafuta waya za kukagua, ikakosa, ikabaki inakunja nepi zilizokwisha kukunjwa.

Vifaa vya masikio vilichelewa, na vilipofika wageni walikuwa wamekwisha kuondoka. Alichosikia siku ya kwanza kilikuwa friji, sapatu za mumewe, na mifuko ya nailoni, ambayo hakuwahi kujua ina kelele namna ile. Kila jioni alivivua kichwa kinamuuma. Hofu haikumtoka yote. Hata sasa akiwa na mtoto wa mtu mikononi hutazama kifua kwanza, midomo, halafu uso, na hurudia, na akina mama humwona ana wasiwasi kupita kiasi.

Asubuhi moja aliletewa mzazi mpya, mwanamke mzima aliyezaa kwa tabu, mwenye haya. Alijieleza kichwa kikiwa chini, akimwambia mtoto zaidi kuliko muuguzi, sauti inaishia kwenye nguo. Mama Vifaranga alishika neno moja moja. Alijikuta anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na tabasamu la mama yake likamjia usoni. Alilijua. Alilifuta.

"Mama, samahani," alisema, akavuta kigoda mpaka magoti yao yakakaribiana. "Mimi masikio yangu mabovu. Niangalie unapoongea, tena usinionee haya. Anza upya."

Yule mwanamke akainua uso, akamtazama, akamrekebisha mtoto kifuani, akaanza upya.